Mwacheni Kijana Asome

Enyi wazazi! Siku hizi kijana akionekana na kitabu cha hadithi au cha falsafa, hunyang'anywa kabla hajaulizwa amesoma nini. Na mnyang'anyi mwenyewe hajakifungua! Hivi ndivyo dini ihifadhiwavyo?

Mwaka 1109, huko Qurtuba katika Andalusi, Ihyaa ya Imam Ghazali ilichomwa moto kwa amri ya mtawala. Waliomshauri hawakuwa maadui wa dini. Walikuwa makadhi na wanavyuoni. Leo kitabu hicho hicho husomeshwa katika darsa zetu, na majina ya waliokichoma nani ayajuaye? Na Ghazali huyo, alipotaka kuwajibu wanafalsafa, hakuvificha vitabu vyao. Alivisoma, akayaeleza maneno yao katika kitabu kizima, ndipo akazivunja hoja zao katika Tahafut.

Sisi twataka vijana wapinge wasichokijua! Simsemi mtoto mdogo. Namsema aliyebaleghe: Mwenyezi Mungu amemkalifisha sala na saumu, nasi twamkataza kufungua ukurasa. Naye atausoma gizani, bila wa kumuuliza.

Kitabu mtakachompokonya mkaniletea chuoni, nitakisoma, kisha nitamrudishia mwenyewe.