Mfadhili ni Ndugu, si Kisima



Juma hili tuwatafakari wanaotusaidia: wafadhili walio mbali, na wale wa karibu wanaojitolea pasipo mshahara.

Imani yetu katika Nyanda za Juu Kusini imelelewa kwa ukarimu. Wabenediktini walifika Tosamaganga mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1919 wakaja Iringa Wakonsolata kutoka Torino, Italia. Nyuma yao walikuwapo waamini wa kawaida waliochanga kwa ajili ya watu wasiowajua.

Ndugu zetu Walutheri wa Dayosisi ya Iringa nao wana uhusiano na wenzao wa Sinodi ya Saint Paul, Minnesota, Marekani, tangu mwaka 1987. Wameuita Bega kwa Bega. Usharika wa huku huunganishwa na usharika wa kule, wakaombeana na kutembeleana. Jina hilo latufundisha: bega huwa kando ya bega, wala hakuna aliye juu.

Nasi tukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita rafiki mmoja wa parokia alituletea fedha za mabati ya kigango. Tulishangilia, tukaezeka, tukanyamaza. Tulipomwandikia tena, tuliomba fedha za mabenchi. Alijibu kwa upole, akiuliza iwapo mabati yale yalitosha. Tuliona aibu. Hatukuwa tumeiba hata senti moja, lakini tulikuwa tumemnyima furaha ya kushiriki.

Na wa karibu je? Katekista hutembea kwenye matope kwenda kufundisha watoto wetu. Mama wa WAWATA hufua vitambaa vya altare bila kuambiwa. Mara nyingi twawakumbuka pale tu wanapokosea. Katekista akiugua wakati wa palizi, ni nani hupalilia mahindi yake?

Wapo wasemao kwamba maskini hana cha kurudisha. Hapana. Mtume Paulo awasifu Wamakedonia waliotoa kwa ukarimu katika umaskini wao mkuu, na wahenga wetu walinena: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Shukrani, hesabu ya kweli na sala hazihitaji utajiri.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila msaada usomewe hesabu mbele ya waamini, na aliyetoa aandikiwe barua kabla ya kuombwa tena. Pili, kila jumuiya ndogo ndogo imwombee mfadhili kwa jina lake, kama amwombeavyo ndugu mgonjwa. Tatu, kila msimu wa kilimo jumuiya itenge siku moja ikalime shamba la katekista wake.

Wakati wa mavuno, tutenge pia debe la mahindi kwa kigango chenye shida kuliko sisi. Anayepokea tu husahau ladha ya kutoa, na asiyejua kutoa hawezi kuwa rafiki wa anayetoa.

Mungu awabariki nyote.