Singida: Zege au ugali wa nyumbani? Hesabu iko kwenye mkaa

Jioni mjini Singida, vibanda vya chipsi havikosi wateja. Wazee wanasema ni uvivu tu wa vijana. Si kweli sana. Aliyepanga chumba kimoja akinunua mkaa, unga, mboga na nyanya kwa mlo mmoja, anaweza kukuta ametumia karibu sawa na sahani ya zege, na bado sufuria zinamsubiri.

Hesabu inageuka wakiwa wanne. Moto uleule wa ugali unawatosha wote, ila zege ni kila mtu na sahani yake.

Halafu kuna mafuta. Mwaka 2022 yalipanda bei nchi nzima, na hata Singida, mkoa wa alizeti, haikupona. Mlenda wa karanga hauhitaji hata tone.