SHAURI KWA WAFUGAJI: MBUZI WA NYAMA AHASIWE AU ASIHASIWE?

Wafugaji wa mbuzi hawapatani katika jambo hili. Wengine husema beberu asiyehasiwa ni harufu tupu, na wengine husema kumhasi ni kumpunguza. Kila upande una haki yake, lakini kwanza yapasa kuuliza: mbuzi huyu atachinjwa akiwa na umri gani?

Adhaniye kwamba mbuzi aliyehasiwa hukua upesi zaidi amekosea. Wakila malisho yaliyo sawa, dume mzima humshinda, kwa sababu ile nguvu ya kiume itokayo katika kende ndiyo ijengayo mifupa na nyama. Aliyehasiwa hugeuza chakula kuwa mafuta, na mafuta ya mbuzi hukaa zaidi tumboni na kuzunguka mafigo. Basi mtu auzaye madume yake kabla ya miezi 6 hana haja ya kuhasi. Na awatenge tu na majike.

Lakini ni wangapi wauzao mbuzi wa miezi 6? Katika nchi kavu kama Kitui au Baringo, mara nyingi dume hukaa mwaka na zaidi, akingojea ada ya shule au arusi. Hapo mambo hugeuka. Beberu mkubwa hujikojolea ndevu na miguu ya mbele, na tezi zilizo nyuma ya pembe hutoa ile harufu ijulikanayo na kila mtu aliyepata kusafiri naye katika basi. Majike watakapo dume, yeye huacha kula, hupigana na kukonda. Watu wa pwani wamelijua neno hili tangu zamani, hata wana jina la beberu aliyehasiwa akanoneshwa: ndafu.

Hasara iliyo kubwa zaidi haionekani katika nyama. Dume mdogo aweza kupanda akiwa na miezi 4 au 5, naye hachagui: hupanda dada zake, hata mama yake. Mtamba ashikapo mimba kabla hajakomaa hudumaa, huzaa kwa taabu, na maziwa yake hayamtoshi mtoto. Mwenye kundi hulaumu malisho, au jicho la jirani, kumbe adui anakula naye zizini.

Ikiwa ni kuhasi, ahasiwe mapema, kabla ya miezi 3, maana mbuzi mkubwa huumia zaidi. Kisu huacha kidonda, na kidonda huita inzi na pepopunda. Afadhali koleo la Burdizzo, lipondalo mshipa wa mbegu bila kupasua ngozi. Kila mshipa ubanwe peke yake, na alama mbili zisikutane katikati. Ukibana mfuko mzima kwa mara moja, damu hukatika na mfuko huoza. Asiyeijua kazi hii amwite daktari wa mifugo. Asiyetaka kuhasi kabisa aweza kuwaiga Wamasai, ambao humfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo asiweze kupanda.

Beberu wa mbegu achaguliwe kabla ya siku ya kuhasi. Mmoja atosha majike 25 au 30. Tazama mama yake kwanza: je, akizaa mapacha huwalea wote wakakua? Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, na binti zake waweza kushika mimba wakiwa na miezi 6 au 7. Kwa hiyo mwaka mmoja ukipita tangu aingie kundini, abadilishwe na beberu wa mfugaji akaaye mbali.