Mita 60 pekee haziokoi mito ya Uluguru

KILA mvua kubwa inaponyesha katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, Mto Ruvu hubeba udongo kuelekea mitambo ya maji inayowahudumia wakazi wa Dar es Salaam. Lawama huwaangukia wakulima wenye mashamba kando ya mito.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kipimo hicho kinaeleweka na kinaweza kusimama mahakamani. Tatizo ni kwamba mmomonyoko hautambui futi kamba.

Chukua mashamba mawili. La kwanza lipo mita 55 kutoka mtoni, kwenye tambarare yenye migomba na nyasi. La pili lipo mita 65, kwenye mteremko mkali uliofyekwa na kuchomwa moto. Kwa hesabu ya mita, anayetiliwa shaka ni mwenye shamba la kwanza, ingawa udongo mwingi utatoka kwa jirani yake.

Utata wa aina hiyo ndio unaoshughulikiwa na mantiki fazi, yaani mantiki ya viwango, iliyoasisiwa mwaka 1965 na Profesa Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Badala ya jibu la ndiyo au hapana, jambo hupewa kiwango kati ya 0 na 1.

Mzaliwa wa Tanganyika, Ebrahim Mamdani, ndiye aliyeifikisha elimu hiyo kwenye mitambo. Katika miaka ya 1970, akiwa London, yeye na mwanafunzi wake waliongoza injini ya mvuke kwa kanuni za maneno, kama fundi mzoefu anavyozitamka.

Kwa Uluguru, kanuni ingeweza kuwa hivi: kama mteremko ni mkali na udongo uko wazi, hatari ni kubwa. Shamba lenye ukali wa 0.8 na uwazi wa 0.6 hupewa hatari ya 0.6, kwani huchukuliwa kiwango kidogo. Kanuni za umbali, zao na matuta huongezwa, kisha majibu yote huunganishwa.

Historia inaonya juu ya amri moja kwa wote. Mpango wa kikoloni ulioanza mwaka 1950 uliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, hata pale udongo ulipokuwa haufai. Ulivunjika mwaka 1955 baada ya ghasia.

Hata hivyo, kompyuta nayo inaweza kuwa mkoloni mpya. Viwango hupangwa na binadamu, na mkulima hawezi kukata rufaa dhidi ya 0.6 asiyoielewa. Kwa hiyo mstari wa mita 60 ubaki kuwa sheria, na hesabu ya viwango itumike kuamua bwana shamba aanzie wapi, miche ipelekwe kwa nani na matuta yajengwe wapi kwanza.

Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo zote ziko Morogoro. Utaalamu hauko mbali. Kinachotakiwa ni kanuni hizo kuandikwa pamoja na wanaolima mlimani, kabla hazijatumika dhidi yao.