Piano na Neno Lisomwalo



Yapo maonyesho ya muziki ambamo mpiga piano hupiga tungo za karne ya 19, za kipindi kiitwacho cha Romantiki, na kati ya utungo mmoja na mwingine msomaji husimama na kusoma kwa sauti shairi, barua au kisa cha mtakatifu. Wako wasemao kwamba maneno hayo ni mzigo, kwa kuwa muziki mzuri hujieleza wenyewe. Kwa maoni yangu masomo hayo yana nafasi yake halali, mradi yasomwe kwa kiasi.

Tumtazame Franz Liszt, mwana wa Hungaria aliyezaliwa mwaka 1811. Mwaka 1840, huko London, maonyesho yake yalitangazwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kughani au kusimulia. Baadhi ya watu walistaajabu: mtu ataghanije kwa piano? Hata hivyo neno lilidumu, na mpaka leo Waingereza huliita hivyo onyesho la mpiga piano wa peke yake. Jina lenyewe, basi, limetoka kinywani mwa msimulizi.

Liszt alihamia Roma mwaka 1861, na mwaka 1865 akapokea madaraja madogo ya Kanisa, ingawa hakupata kuwa padre. Katika miaka hiyo alitunga visa viwili kwa piano. Cha kwanza ni Mtakatifu Fransisko wa Asizi akiwahubiria ndege: sauti za juu hutetemeka kama milio ya ndege, kisha sauti moja tulivu huinuka kama ya mtu anenaye. Cha pili ni Mtakatifu Fransisko wa Paola, aliyekataliwa na mwenye mashua kwa sababu hakuwa na nauli, akatandaza joho lake juu ya maji na kuvuka mlangobahari wa Messina. Asiyekijua kisa hiki atasikia ngurumo na ustadi wa vidole. Aliyesomewa ukurasa mmoja kabla ya kupigwa muziki atamsikia maskini akitembea juu ya mawimbi kwa imani. Liszt mwenyewe alipovichapisha visa hivi aliviwekea maandishi ya kuvitangulia.

Kanisa nalo limesema. Barua ya Idara ya Vatikano inayosimamia Ibada, ya tarehe 5 Novemba 1987, yaruhusu kanisani, nje ya Liturujia, muziki wenye kumhusu Mungu, Bikira Maria au watakatifu. Yataka pia onyesho liambatane na maelezo yasiyoishia kwenye historia na ufundi, bali yamsaidie msikilizaji kushiriki kwa moyo. Kwa hiyo visa vya Liszt vyaweza kupigwa kanisani, lakini tungo za usiku za Chopin, pamoja na uzuri wake wote, mahali pake ni ukumbini. Barua hiyo yadai heshima kubwa kwa altare na mimbari; kwa sababu hiyo msomaji wa mashairi asisimame pale linapotangazwa Neno la Mungu.

Tena yataka kiingilio kiwe bure na mlango uwe wazi kwa wote. Hapo ndipo penye mtihani wetu. Tutawezaje kusoma kisa cha mtakatifu aliyekosa nauli, huku mlangoni tumemrudisha asiye na fedha? Somo la namna hiyo lingetuhukumu sisi wenyewe.

Nawasihi basi waandaaji: chagueni masomo mafupi, msomaji ajiandae kama anavyojiandaa kwa Misa, asiseme huku piano ikilia, wala asigeuze somo kuwa hotuba. Akimaliza, pawe na kimya kidogo. Neno likiisha kufungua mlango, liuache muziki uingie.