Mtare Kwenye Ukingo wa Tuta

Bwana mkulima, na wewe mama mwenye jembe, nataka kusema nanyi habari ya mmea ambao wengi wenu huuchoma moto kila mnaposafisha shamba. Ni ule wa miiba utambaao, wenye matunda madogo ya chembe zilizoshikana kama shanga, ambao Wakikuyu huuita mutare. Watoto huujua kuliko sisi, kwani wakitoka shule huingia vichakani na kurudi na midomo iliyopakaa rangi na mashati yaliyoraruka. Mimi si Bwana Shamba. Nalisomea ualimu, na sasa ni karani katika ofisi ya kilimo. Kazi yangu ni barua na vitabu. Lakini nina kishamba kwenye mteremko karibu na Ruiru, na haya nimeyaona kwa macho.

Nenda ukasimame kando ya mto Chania pale Thika baada ya mvua kubwa ya Aprili. Maji ni mekundu kama matofali. Rangi ile ni shamba la mtu. Chania hujiunga na mto Thika, na Thika huingia katika bwawa la Masinga, lililomalizika mwaka 1981, na tope hukaa humo. Mto Ruiru nao hupeleka maji yake Athi, mpaka baharini karibu na Malindi, ambako mto huo huitwa Sabaki. Baba zenu waliogawiwa mashamba ya skimu tangu mwaka 1962 walihesabiwa ekari, wala hakuna aliyeahidiwa udongo mwingine huu ukiisha. Na ekari zile sasa zimegawanywa kwa wana.

Matuta twayajua. Najua neno hili haliwapendezi wazee, kwani katika miaka ya 1940 watu wa Murang'a walilazimishwa kuyachimba, na mwaka 1948 wanawake wakakataa. Hata hivyo tuta ni kitu chema, na udhaifu wake uko ukingoni. Ukingo mtupu hubomoka. Wengi hupanda majani ya Napier, nayo ni mazuri sana kwa mwenye ng'ombe, maana hushika udongo na kulisha. Lakini asiye na ng'ombe huyaacha yakawa marefu kama nyumba, yakanywa maji na mbolea ya mahindi ya mstari wa kwanza. Huyo ndiye ninayemwambia ajaribu mtare.

Kuupanda si kazi. Inamisha tawi la mtare mpaka ncha ifike chini, uifukie, na ikiisha kutoa mizizi ulikate uhamishe. Usiupe mti wala ua wa kupandia. Ukikosa cha kushika, hulala juu ya ukingo, na majani yake hupokea matone ya mvua kabla hayajapiga udongo. Matunda ni ya watoto, na yakizidi, mama hupika jemu.

Sasa nieleze kosa langu, msije mkanilaumu baadaye. Mwaka wa kwanza niliupanda nikaacha. Mvua ndefu zilipokwisha, matawi yalikuwa yamevuka mpaka, na kila ncha iliyogusa udongo ilikuwa imetoa mizizi chini ya kahawa ya jirani. Yeye ni mzee, hakupiga kelele. Alinijia asubuhi na mapema akaniambia, "Mwalimu, watoto wako wamelala kwangu." Tuliing'oa Jumamosi mbili, mimi na wanangu, na wachumaji wake wa kahawa wakawa wakitazama miguu yao iliyochanwa, kisha wakinitazama mimi.

Kwa hiyo acha hatua tatu kutoka mpakani, na pitisha panga mara mbili kila msimu wa mvua. Usiupande kando ya mto wala karibu na msitu, maana ndege hula matunda na kuangusha mbegu mbali. Katika visiwa vya Galapagos mtare mmoja uliotoka Asia umefunika nchi hata miti ya kwao ikakosa nafasi. Ndiyo sababu sipendi mkulima aagize mitare ya kigeni. Uko mmoja wa milima ya Taiwan, mfupi sana, ambao watu wa Ulaya na Marekani huutandaza katika bustani za maua. Waachieni wenye bustani za maua. Huzaa matunda machache, nao umezoea baridi.

Mwenzangu mmoja ofisini asema afadhali stroberi, kwa kuwa ina fedha. Ni kweli, kwa mwenye maji ya kunyunyizia na soko karibu. Lakini mizizi yake ni ya juu juu, na mimi sizungumzi habari ya soko. Nazungumza habari ya ukingo.

Ukingo wangu umesimama misimu minne sasa. Mwezi uliopita yule mzee aliniomba ncha kumi. Nilimpa, tukapima pamoja hatua zake kutoka mpakani.