Tusipime Ukarimu kwa Tumbo la Mgeni



Kila mwaka, mwezi wa Desemba ukifika katikati, mabasi yatokayo Dar es Salaam huwaleta wana wa Upare warudio nyumbani. Wengine hushuka Hedaru, wengine Makanya, wengine Same, kisha hupanda milimani kwa magari na pikipiki, na huku kwetu Vudee nyumba zilizofungwa mwaka mzima hufunguliwa madirisha. Kurudi huko ni jambo jema, wala sina neno la kulipinga. Ninalolipinga ni desturi moja iliyojiingiza katikati ya furaha hiyo, nayo ni kumpima mgeni kwa unene wake, na kumpima mwenyeji kwa wingi wa chakula alichomshurutisha mgeni kukila.

Sikilizeni salamu zetu. Mtu akishuka garini, kabla hajaulizwa habari za safari huambiwa, "Umenenepa! Mji umekukubali." Aliyekonda huulizwa kama ni mgonjwa, au kama kazi imemshinda. Ndipo huletwa sahani ya pilau. Ya kwanza huipokea kwa shukrani, ya pili kwa adabu, ya tatu kwa hofu, maana akiikataa atasemwa kwamba amejivuna, au kwamba hamwamini mpishi. Akitoka kwa baba mdogo huingia kwa shangazi, na shibe ya nyumba ile si udhuru katika nyumba hii. Je, huu ni ukarimu? Mimi nasema ni shuruti iliyovikwa nguo ya ukarimu.

Najua nitajibiwa, "Mwalimu, Krismasi ni siku moja tu." Laiti ingekuwa siku moja! Kuna harusi, kuna kipaimara, kuna kikao cha ukoo, kuna mwaka mpya, na kila shughuli ina sufuria yake. Siku moja imekuwa wiki mbili au tatu.

Tena wako wanaosema kwamba unene wa sikukuu huondoka wenyewe mtu akirudi kazini. Hili nalo lilichunguzwa. Mwaka 2000 jarida la madaktari la Marekani, New England Journal of Medicine, lilitoa habari za watu wazima 195 waliopimwa uzito kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka na baada yake. Kwa wastani kila mtu aliongezeka gramu 370 hivi, nao wenyewe walidhani wameongezeka zaidi ya hapo. Mtu atacheka na kusema gramu hizo ni kidogo. Ni kidogo kweli, lakini zilipotazamwa tena katika miezi iliyofuata hazikuwa zimeondoka. Basi mtoto wa shule aweza kutufanyia hesabu: gramu 370 kila Desemba, zisipopunguzwa, kwa miaka kumi ni kilo 3 na gramu 700. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki twakibeba kwa magoti yetu na kwa moyo wetu.

Wazee wa Vudee na Bangalala hawana haja ya kufundishwa jambo hili kwa maneno ya kigeni, kwa kuwa wanayo ndiva. Maji ya mfereji huingia ndivani usiku, na asubuhi hufunguliwa yakaenda mashambani. Ndiva ni njema kwa sababu hufunguliwa. Kama maji yangeingia kila usiku na mlango usifunguliwe, yangefurika na kuuharibu ukuta uliojengwa kwa jasho la wengi. Mwili nao huweka akiba, maana chakula kisichotumika kwa kazi hugeuka mafuta. Babu zetu walikula nyama siku ya sherehe na kunywa dengelua, walakini kesho yake walipanda mlima na mzigo kichwani, au walishika jembe tangu alfajiri. Mjukuu wao huketi ofisini mwezi hata mwezi, huja kwa gari hata mlangoni, hula kama mkulima, kisha hulala. Huingiza maji usiku na mchana, na mlango haufungui.

Nitataja pia soda, ambayo siku hizi imekuwa kinywaji cha heshima, hata bibi mzee asiyeizoea huwekewa chupa mbele yake. Soda nyingi zina sukari kama gramu 10 katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi ina gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida. Bibi huyu akinywa chupa mbili amekwisha kupita mpaka, na chai yenye sukari bado haijaletwa.

Wala haya si mambo ya Ulaya na Marekani peke yake. Uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba, katika watu 100 wa umri wa miaka 25 hata 64, karibu 9 wana kisukari, na karibu 26 wana shinikizo la damu. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016, wanawake 28 katika 100 wa umri wa miaka 15 hata 49 walikuwa na uzito uliozidi. Na katika uchunguzi huo huo watoto 34 katika 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Yafikirini mambo haya mawili pamoja. Katika nchi moja, na pengine katika nyumba moja, mtu mzima ashurutishwa sahani ya tatu, na mtoto aliye jikoni apewa mchuzi bila nyama. Kama kweli twapenda kulisha, mbona hatuanzi na huyo mtoto?

Nisieleweke kwamba nawacheka walio wanene. Kumcheka mtu kwa unene na kumsifu kwa unene ni kosa moja, maana kote kuwili mwili wake umefanywa shauri la kijiji. Wala sisemi tuizime mioto ya Krismasi. Nasema tuurudishe ukarimu mahali pake.

Kwanza, tusalimu habari za safari, za watoto na za kazi, tukaache habari za kiuno. Pili, mgeni akisema, "Nimeshiba, ahsante," neno lake lipokewe kuwa kweli, naye asiulizwe mara ya pili. Tatu, maji ya kunywa na matunda yawekwe mezani kabla ya soda, na makande ya nyumbani yenye maharage yasionewe haya mbele ya pilau. Nne, yai, maziwa na nyama viwafikie watoto kwanza.

Tano, na hili ndilo kubwa, wazee wa vitongoji watangaze msaragambo katika juma lile la Krismasi, nao wageni waitwe. Mifereji yataka kuzibuliwa, na njia zilizoharibiwa na mvua zataka kutengenezwa, na katika juma hilo kuna mikono mingi kijijini kuliko majuma mengine yote ya mwaka. Waswahili walikwisha kusema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Sisi tumeigeuza: siku ya tatu twampa sahani nyingine.

Ndugu zangu, atakayepewa jembe na kaka zake mfereji ukizibuliwa ameheshimiwa kuliko aliyeketishwa kitini na kujazwa. Huyo wa kwanza amepokewa kama mwana wa nyumbani, na huyo wa pili amefanywa mgeni katika nyumba ya baba yake.

Desemba haiko mbali. Wenye nyumba wakayafikiri haya kabla sufuria hazijatelekwa.